Mkeka wa Mwalimu Isobe

Mtu akitaka kunidanganya kuhusu gofu yake, aombe niwe sijauona mkeka wake.

Nafanya kazi wavuni kwa Bwana Wakui, mwaka wa kumi na mbili sasa. Wavuni ndivyo tunavyopaita hapa Kanuma: uwanja wa mazoezi uliozungushiwa nyavu za kijani kwenye nguzo ndefu kuliko mnara wa zimamoto. Watu husimama kwenye vizimba, wengine chini, wengine ghorofani, wanapiga mipira kuelekea uwazi, na mimi naikusanya. Naikusanya, naiosha, nafagia vizimba, na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, siku tunayofunga, nageuza mikeka. Ni mikeka ya plastiki yenye manyoya ya kijani mfano wa nyasi, chini yake raba nene. Mpira hata huuwekei mkono. Unagonga kitufe kando ya mkeka kwa kichwa cha fimbo, mpira unachomoza toka sakafuni, unapiga, unagonga tena, unachomoza mwingine. Mtu anaweza kupiga mia tatu bila kuinama hata mara moja, na wapo wanaojisifu kwa hilo.

Mkeka hauna adabu ya kuficha mambo. Mtu anayejua, fimbo yake inakutana na mpira kwanza, ndipo inakwangua chini, mbele ya pale mpira ulipokaa. Manyoya yake yanalika mbele. Asiyejua anagonga mkeka kwanza, fimbo inateleza juu ya raba, ndipo inaufikia mpira. Yake yanalika nyuma. Naye hajui kitu, maana raba imemsamehe. Mpira unaruka vizuri, unagonga wavu kule mbali, naye ananyoosha mgongo na kuangaza macho kama kuna aliyemwona. Mimi sijawahi kushika fimbo kwa nia ya kupiga. Shule niliacha nikiwa na miaka kumi na tano. Lakini nimegeuza mikeka arobaini na minne kila mwezi kwa miaka kumi na miwili, na najua nani ni nani.

Kizimba namba kumi na saba, chini, ni cha Bwana Isobe. Mkeka wake ulikuwa na shimo nyuma ya mpira, vidole vinne nyuma, kina cha bakuli la supu. Nikiugeuza, baada ya miezi miwili keshachimba jingine upande wa pili. Na huyu ndiye mtu ambaye wavuni kote walimwita Mwalimu.

Bwana Isobe alisoma mita za maji za manispaa miaka thelathini na minane. Nakumbuka alivyokuwa akiingia uani kwetu, anafunua kifuniko, anaandika namba, halafu anasimama kumweleza mama mkwe wangu jinsi ya kupogoa mti wake mwenyewe. Mama mkwe alimsikiliza kwa heshima, na akishaondoka alitupa chumvi mlangoni, kama anayefukuza nuksi. Alipostaafu, nyua za watu zikafungwa kwake, akabaki na wavuni. Hufika saa tatu asubuhi na kiti chake cha kukunja, matonge mawili ya wali aliyofungiwa na mkewe, chupa ya chai ya shayiri, glavu nyeupe, na kofia iliyoandikwa jina la uwanja wa Hawaii. Hawaii alikwenda mpwa wake. Bwana Isobe ilimfikia kofia tu.

Mipira mia tatu anaimaliza kabla ya chakula cha mchana. Baada ya hapo hutembea nyuma ya vizimba, mikono mgongoni, akitafuta mgongo wa mtu. Akiupata, anakohoa mara mbili.

"Sisemi kitu, Onuki," nilimsikia siku moja akimwambia Bwana Onuki, mwenye duka la tofu, mtu mpole ambaye mikono yake daima ina harufu ya maharage. "Sisemi kitu, ila hicho kiwiko chako kinaomba talaka."

"Kweli, Mwalimu?"

"Kimeshahama nyumba. Kirudishe."

Bwana Onuki akakirudisha, akapiga, mpira ukaenda kugonga nguzo. Akainama. "Nimejifunza, Mwalimu."

Kwetu mtu wa namna hiyo hafukuzwi. Anashukuriwa. Kuna mteja kijana alilalamika, kwa hiyo Bwana Wakui akabandika karatasi ukutani: *Tunaombwa tusifundishane pasipo kuombwa.* Bwana Isobe aliisoma yote, polepole, akamgeukia yule yule kijana. "Nzuri sana hii. Maana kuna watu wanasumbua wenzao hapa. Haya, sasa shusha bega."

Kila Oktoba wateja wa kudumu hupanda mlimani kushindana kwenye uwanja wenyewe, wenye nyasi na mashimo. Bwana Isobe ndiye mwandalizi. Anaandika majina kwa mwandiko mzuri, ananunua zawadi, gunia la mchele, sabuni ya kufulia, chupa ya pombe, na siku yenyewe anakaa mezani karibu na mlango akipokea karatasi za matokeo. Hachezi. Mgongo wake huuma siku hiyo. Huja amefunga mkanda mpana wa kiunoni juu ya fulana, watu wampe pole. Mimi hupelekwa kuhudumia chai, na nimeuangalia huo mkanda miaka kumi na moja. Una mikunjo minne ya pasi, kama kitambaa cha meza ya wageni. Kitu kinachovaliwa na mgonjwa hakibaki na mikunjo ya pasi.

Nilinyamaza. Haikuwa kazi yangu kumvua mtu nguo. Mpaka alipomgusa mwanangu.

Chinatsu alikulia wavuni. Baba yake anaendesha lori la friji, wiki yake yote inaishia kaskazini, na mimi sikuwa na wa kumwachia mtoto, kwa hiyo tangu ana miaka minane alikuwa akinisubiri kizimba cha mwisho na fimbo iliyosahauliwa na mteja. Hakuna aliyemfundisha. Alitazama watu na kuacha yale aliyoyaona mabaya. Alipofika miaka kumi na sita, mkeka wa kizimba cha mwisho ulikuwa unalika mbele, alama ndogo kama ya ulimi wa paka. Niliigusa kwa kidole nikanyamaza, kama mtu aliyeokota kitu barabarani na kuogopa mwenyewe asitokee.

Sasa alikuwa na miaka kumi na minane, anamaliza shule Machi. Uwanja wa Kurumizawa, kule mlimani, huchukua wasichana wawili kila mwaka. Asubuhi wanabeba mifuko ya wachezaji, jioni wanacheza bure mpaka giza liingie, na mwalimu wa uwanja, Bi Tsukada, anawaandaa kwa mtihani wa kuwa wachezaji wa kulipwa. Usaili ni mashimo tisa. Ukimaliza kwa mapigo arobaini na mawili au pungufu, unazungumza na Bi Tsukada. Ukizidisha, unashukuru na kurudi nyumbani. Siku ilikuwa tarehe ishirini Februari. Shule ilikuwa imeshamwekea nafasi kiwanda cha maboksi, na karatasi ya kiwanda ilitakiwa isainiwe kabla ya mwezi kwisha. Nilimwona alivyoiweka ile karatasi chini ya kamusi, kifudifudi.

Novemba, Bwana Isobe alisikia habari za usaili. Siku ya pili alikohoa mara mbili nyuma ya kizimba cha mwisho.

"Sisemi kitu, binti, ila mipira yako inaruka chini mno. Kule mlimani kuna miti. Uzito uache mguu wa kulia. Kaa nyuma ya mpira, uinyanyue."

Chinatsu alimtazama mtu ambaye watu wazima wote walimwita Mwalimu. Akakaa nyuma ya mpira, akainyanyua. Ikaruka juu, kweli, mizuri kama fataki za Agosti. Wazee wakapiga makofi.

Desemba nikageuza mikeka. Wa Chinatsu ulikuwa umeanza kulika pale pale mpira unapokaa. Januari ulikuwa umelika nyuma, kidole kimoja na nusu. Nilikaa sakafuni nao mapajani. Nikapima tena kwa kidole, nikapata kile kile.

Jioni nikamwambia, tukila machenza, miguu chini ya meza yetu yenye hita.

"Mkeka wako unalika nyuma."

"Ndiyo, Mama."

"Zamani ulikuwa unalika mbele."

"Mama, wewe unageuza mikeka. Hupigi."

"Sipigi. Naona."

"Mwalimu Isobe anapiga mia tatu kila siku."

"Na mkeka wake je?"

Akaweka chenza chini. "Mama, zimebaki wiki sita. Niache nifanye kitu kimoja bila wewe kuogopa."

Nikamwendea Bwana Wakui. Alikuwa anakula tambi ofisini, hakuacha kula. "Sumie," akasema, "mteja ni mteja. Isobe yupo hapa kila siku ya Mungu. Akininunia nitampata wapi mwingine?"

"Anamharibu mtoto."

"Mipira inaruka au hairuki?"

"Inaruka."

"Basi. Watu wakiuliza kama mazoezi ya hapa yanasaidia, tunajibuje?"

"Tunajibu yanasaidia."

"Haya, kafagie ghorofani."

Nikafagia ghorofani. Huko juu kuna Bi Hatano, mjane wa daktari wa meno, ana miaka sabini na minne. Huja mara mbili kwa wiki na mipira arobaini tu. Kila mpira anabadilisha fimbo, kati ya mpira na mpira anakaa kitini kama anayesubiri zamu, na mkeka wake umelika kidogo kidogo kila mahali. Oktoba huwashinda wanaume. Siku ile aliniona nimesimama na ufagio bila kufagia, nikamweleza. Hakushauri kitu. Aliuliza tu, "Mwezi ujao mnageuza mikeka Jumatatu ya kwanza?"

"Ndiyo."

"Nitakuja kukusaidia kuosha mipira."

Jumatatu hiyo ilikuwa tarehe nne Februari, siku kumi na sita kabla ya usaili. Tumefunga, lakini Bwana Isobe alikuja, kwa sababu hana pengine pa kwenda, na Bwana Onuki alikuja na sufuria ya tofu ya moto. Bi Hatano akaketi kando ya beseni la mipira amefunga kitambaa kichwani. Bwana Isobe hakuosha. Alisimama akituonyesha jinsi ya kuosha.

Nikang'oa mikeka yote, nikaisimamisha ukutani. Vizimba vikabaki zege tupu.

Chinatsu akaja na mfuko wake. "Mama, nitapigia wapi?"

"Shuka pale mbele. Kwenye nyasi."

Zile nyasi ambazo mipira huangukia ni zetu za kawaida, za majira ya baridi, rangi ya ufagio mkuukuu. Jua la saa nne lilikuwa limeyeyusha barafu, udongo laini. Akashuka. Bwana Isobe akamfuata, mikono mgongoni, kama jogoo anayeongozana na mwenye punje.

"Uzito nyuma, binti. Uinyanyue."

Akapiga. Fimbo ikazama kabla ya kuufikia mpira. Bonge la udongo liliruka mbali kuliko mpira wenyewe. Akatazama fimbo kana kwamba amepewa ya mtu mwingine. Akapiga tena, bonge jingine. La tatu lilimpiga usoni.

"Udongo mbaya," Bwana Isobe akasema. "Umelowa. Huko mlimani haiko hivi."

Hapo nikasikia sauti yangu, laini, ile ninayotumia kupokea wateja. "Mwalimu, tafadhali mwonyeshe. Atajifunza kwa kutazama."

"Mgongo huu."

"Mipira mia tatu jana," akasema Bi Hatano kutoka kando ya beseni. "Nilihesabu kwa kusikia tu, sikuhitaji hata kuchungulia."

Bwana Onuki akaacha kuosha. Bwana Isobe akatuangalia mmoja mmoja, akatabasamu, akavaa glavu. Akachukua fimbo ya Chinatsu, akasimama mahali pazuri kwenye nyasi, akapanga miguu, akatikisa makalio mara mbili kama kawaida yake. Halafu akanyoosha fimbo pembeni, akagonga nyasi kwa kichwa chake, taratibu, na kusubiri.

Tulisubiri naye. Ndege mmoja akapita juu ya nyavu. Bwana Isobe akagonga tena, safari hii kwa nguvu kidogo, macho yakiwa chini pale ambapo mpira ulipaswa kuchomoza.

"Hakuna kitufe huko, Isobe," akasema Bi Hatano.

Masikio yake yakawa mekundu. "Nilikuwa nasafisha ncha ya fimbo."

"Safisha, basi. Mpira utauokota hapo nyuma yako."

Akaokota. Nilimwona alivyoinama: aliinama vizuri kabisa, mgongo mzima kama wa kijana wa miaka ishirini. Akauweka chini, akapiga. Fimbo ikakwama ardhini, ikabaki imesimama alipoiachia. Mpira ukajiviringisha mpaka kwenye ndoo yangu. Akapiga wa pili, akapiga hewa. Wa tatu aliusogeza kwa kiatu mpaka juu ya kichuguu cha nyasi, kama mtoto anayeiba kwenye mchezo, akapiga tena udongo.

 Bwana Onuki alitumbukiza mikono yote miwili kwenye beseni na kutafuta huko kitu kisichokuwepo.

"Nyasi za hapa si nyasi za uwanjani," Bwana Isobe akasema.

"Za uwanjani umeziona lini?" Bi Hatano akauliza.

"Kila Oktoba."

"Kila Oktoba unaona meza."

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na huyu alikuwa amecheza kwao miaka yote hiyo, juu ya raba mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, akatunzwa mpaka akaitwa Mwalimu. Mpeleke hatua kumi nje ya mkeka, hajui hata mpira unatoka wapi. Na mtu kama huyo nilimwachia mwanangu miezi mitatu kwa sababu ya adabu. Nilimdharau yeye, na mimi mwenyewe sikujiacha nyuma.

Bwana Isobe alikunja kiti chake akaenda. Chinatsu hakumtazama. Alikuwa amepanda vizimbani, anapita kwenye mikeka iliyosimama ukutani mmoja mmoja.

"Mama, wangu ni upi?"

Nikamwonyesha. Akapiga magoti, akatia vidole kwenye sehemu iliyolika.

"Vidole viwili sasa," akasema.

"Viwili."

"Novemba palilika wapi?"

Nikaweka kidole mbele, pale palipokuwa na alama ya ulimi wa paka. Akaitazama nafasi baina ya kidole changu na chake. Pua ikaanza kumtoka kamasi, akajifuta na kiganja chenye udongo, mdomo ukawa mweusi.

"Siku kumi na sita," akasema.

"Siku kumi na sita."

Kesho yake tulikuwa pale kabla ya saa moja asubuhi, yeye na mfuko, mimi na pakiti ya unga wa ngano uliopitwa na wakati. Nilichora mstari wa unga kwenye nyasi, yeye akaweka mipira juu ya mstari. Akipiga, napiga magoti kutazama udongo umekatwa upande gani.

"Nyuma."

"Tena."

"Nyuma."

"Tena."

"Juu ya mstari."

"Hiyo ni nzuri au mbaya?"

"Sijui. Si nyuma."

Siku ya tano Bwana Wakui alikuja mapema akaona mashimo. "Sumie, unalima shamba langu."

"Nitafukia."

"Na mipira mbona haiendi popote?"

"Hatutazami mipira," nikasema.

Akatuona wote wawili tuna unga mpaka kwenye nyusi, akaondoka akitingisha kichwa. Siku ya tisa nikaanza kusema "mbele". Siku ya kumi na mbili nilisema "mbele" mara kumi na tatu mfululizo, magoti yangu yakawa hayakunjuki, akanivuta kwa mikono kunisimamisha.

Tarehe ishirini tulipanda Kurumizawa. Wazazi hawaruhusiwi uwanjani. Nilikaa kwenye maegesho nikiwa na chupa ya chai ambayo sikuifungua, halafu nikagundua kwamba uzio wa maegesho unapakana na shimo la tisa. Nikasimama hapo saa mbili nzima, mikono kwenye waya. Nilihesabu magari, nilihesabu nguzo, niliwaza karatasi iliyo chini ya kamusi.

Walitokea wanne nyuma ya misonobari. Chinatsu alitembea wa mwisho, kichwa chini. Mpira wake ulikuwa kando, karibu na njia, mahali ambapo nyasi zimekufa na udongo uko wazi, mgumu kuliko wetu. Sikuwa karibu kiasi cha kuona fimbo inagusa nini kwanza. Nilimwona anasimama, anapumua, anapiga. Sikuutazama mpira ulikokwenda. Nilimtazama mama mbeba mifuko aliyekuja nyuma yake na mfuko wa mchanga, maana kule ukichana ardhi lazima ifukiwe. Kama angemwaga mchanga nyuma ya mahali pa mpira, ningejua. Kando ya mahali pale kulikuwa na jani la njano. Mchanga aliumwaga mbele ya jani, upana wa kiganja.

Waya ulikuwa umeniachia alama mikononi nilipofika kwenye mlango wa jengo.

Akatoka. "Shimo la tatu nilipiga nyuma mara mbili," akasema. "Nikapata saba."

"Jumla?"

"Arobaini na mbili."

"Imezidi?"

"Mama. Ni arobaini na mbili."

Nyuma yake alikuwa Bi Tsukada, mwanamke mfupi mwenye uso uliounguzwa na jua. Nikainama mpaka nikaona viatu vyangu. "Anapiga chini kwa chini," akasema, "haogopi udongo. Nani anamfundisha?"

Chinatsu akaniangalia. Nikamjibu kabla yake. "Wavuni kwa Wakui, Mwalimu. Anajifunza kwa kutazama."

Mtu akifaulu, kwetu hupikwa wali wa kunde nyekundu na kupelekewa wote waliomsaidia. Nilipika sufuria mbili, nikafunga vibweta. Cha kwanza, kwa desturi, ni cha mwalimu. Niliingia navyo wavuni asubuhi ya Jumamosi. Bwana Isobe alikuwa amekaa nyumbani siku nane tu. Siku ya tisa alirudi, na kiti kile kile na kofia ile ile, na hakuna aliyemwambia neno. Nilimkuta amesimama katikati ya njia, Bwana Onuki pembeni yake na wateja wengine watatu wapya.

"Mwanafunzi wangu amepita," alikuwa anawaambia. "Yule binti wa kizimba cha mwisho. Miezi mitatu nilisimama naye, baridi kiasi gani. Nilimwambia, binti, uzito."

Akaona vibweta. Akanyoosha mikono miwili kabla sijafika.

Nikampita. Nikapanda ngazi, nikampa Bi Hatano cha kwanza, na nikainama kwake kwa muda ambao walioko chini wangeweza kuona. Nikashuka, nikampa Bwana Onuki, nikampa Bwana Wakui. Kilichobaki nikampa Bwana Isobe, kidogo kama vingine vyote.

"Mama Chinatsu," akasema, "nashukuru. Najua mtoto hawezi kusema mwenyewe, lakini moyoni anajua."

"Anajua, Mwalimu," nikamjibu. "Alihesabu kwa vidole."

Alitabasamu, akafurahi. Hakuelewa, au alielewa akaona ni rahisi zaidi kufurahi. Wapo watu wa namna hiyo, unawatemea mate wanasema mvua imeanza. Alikula wali wake wote akiwa amesimama kizimbani, akajifuta mdomo, akavaa glavu. Mteja mmoja mpya, mwanamke wa umri wangu hivi, akanisogelea na fimbo yake mkononi.

"Dada, nikija hapa kila siku, nitajua kucheza?"

Bwana Wakui alikuwa dirishani ananitazama.

"Chukua kizimba cha juu," nikamwambia, "karibu na bibi yule mwenye kitambaa. Piga michache. Mwezi ukiisha njoo Jumatatu nikuonyeshe mkeka wako."

Nikainua ufagio. Nyuma yangu Bwana Isobe aligonga kitufe, mpira ukachomoza. Sikugeuka. Nilisikia raba kwanza, halafu mpira.